Ukoo wa Guzmán: Baba Aliyetupa Kisu

Mwaka 1294 mji wa Tarifa, ulioko ncha ya kusini ya Hispania, ulizingirwa na majeshi kutoka Moroko. Miongoni mwao alikuwamo Juan, aliyemwasi nduguye, Mfalme Sancho wa Nne. Mlinzi wa ngome alikuwa Alonso Pérez de Guzmán.

Yasimuliwa kuwa Juan alimleta mwana wa Guzmán mbele ya ukuta, akaapa kumwua iwapo mji hautatolewa. Baba alijibu kwa kumtupia kisu chake mwenyewe. Kijana akauawa, lakini Tarifa haikuanguka. Tangu hapo baba huyo akaitwa Guzmán Mwema.

Ukoo ulitunukiwa ardhi na bandari ya Sanlúcar, na mwaka 1445 ukapata cheo cha Mtawala wa Medina Sidonia. Hata hivyo, cheo hurithiwa, ujuzi haurithiwi. Mwaka 1588 mwenye cheo wa saba aliamriwa kuongoza merikebu zipatazo 130 kuishambulia Uingereza. Alimwandikia mfalme kuwa hana ujuzi wa bahari. Hakusikilizwa, na safari ikaishia katika maangamizi.

Mwaka 1969 mrithi wa cheo hicho, Bibi Luisa Isabel, aliingia gerezani. Kosa lake lilikuwa kuwaongoza wakulima wa Palomares kudai haki, baada ya ndege ya Marekani kudondosha mabomu ya nyuklia huko kwa ajali mwaka 1966. Alifariki mwaka 2008.

Mhenga wake alimtoa mwana kwa ajili ya mji. Yeye aliutoa uhuru wake kwa ajili ya wanyonge.