Machinga Complex: kwa nini wateja hawakupanda ngazi?

Wadau, wengi mnapita Karume mkielekea Kariakoo na mnaliona lile jengo la Machinga Complex. Leo tuambiane kilichotokea pale, maana siyo ukorofi wa wamachinga tu.

Jengo lilikamilika 2010 kwa mkopo ambao NSSF iliipa Halmashauri ya Jiji. Wazo lilikuwa zuri: maelfu ya vizimba sehemu moja, mitaa ibaki safi, mgambo wapumzike. Lakini vizimba vingi vya juu vikabaki vitupu, wenyewe wakarudi zao barabarani, huku deni likizidi kuvimba.

Sababu? Mteja wa machinga hatoki nyumbani kufuata soksi. Anashuka daladala, anaziona, ananunua. Ghorofani hakuna mpita njia. Ndio maana Mtaa wa Kongo ulifurika wanunuzi mpaka magari yakashindwa kupita, na hakuna aliyeupangia hivyo.

Hata Marekani yaliwakuta. Mwaka 1959 mji wa Kalamazoo ulizuia magari kwenye mtaa wa maduka katikati ya mji, watembea kwa miguu wajinafasi. Miji mingi ikaiga. Wateja walipohamia maduka ya pembeni yenye maegesho, mitaa hiyo ikapoa. 1998 Kalamazoo ikayarudisha magari.

Oktoba 2021 wamachinga wa Dar waliondolewa tena barabarani. Mimi naona hivi: ukitaka kumhamisha machinga, anza kuhamisha kituo cha daladala. Soko ni miguu ya watu, siyo jengo.

Nawakilisha. Mnasemaje wadau?