Mpaka wa Jirani Usiusogeze

Ukipanda njia ya Gare, katika milima ya Usambara, utaona mashamba yameshikana juu ya mteremko: mahindi ya huyu, kahawa ya yule, migomba ya mwingine. Ukuta hakuna. Mara nyingi mpaka ni mstari wa masale tu, na sale likikatwa na kuchomekwa mahali pengine hushika upesi. Basi, mwenye tamaa aweza kulisogeza hatua moja kila masika. Mwenye shamba akiwa mjane, nani atauliza?

Pengine mtu huyo ni Mkristu, na Jumapili yuko kanisani. Akionywa hujibu: “Sikuvunja nyumba ya mtu. Ni udongo kidogo tu. Mafundisho hayo ni ya Mapadre, hayamo katika Biblia.”

Haya, tuitazame Biblia. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, yakataza kuhamisha mpaka uliowekwa na wazee wa zamani. Katika sura ya 27 Walawi watangaza laana juu ya mwenye kufanya hivyo, na watu wote waitikia Amina. Kitabu cha Methali, sura ya 23, chaonya tusiingilie mashamba ya yatima, kwa kuwa Mtetezi wao ana nguvu. Mfalme Ahabu naye alitamani shamba la mizabibu la Naboti, naye Naboti akauawa kwa ushahidi wa uongo. Nabii Elia alimkuta mfalme papo hapo shambani, akamwambia hukumu ya Mungu.

Je, kuungama kwatosha? La. Kitabu cha Walawi, sura ya 6, chaagiza aliyemdhulumu mwenzake arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, tena alete sadaka yake kwa Mungu. Zakayo, mbele ya Bwana wetu Yesu Kristu, aliahidi kurudisha mara nne. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2412, yafundisha kwamba haki yadai kumrudishia mwenyewe mali iliyoibwa, nayo yamtaja Zakayo huyo. Padre hukuondolea dhambi kwa uwezo wa Kristu, lakini shamba la mjane halirudi lenyewe.

Misioni ya Gare ilianzishwa mwaka 1897 na wamonaki Watrapisti, watu wa sala na jembe. Nasi tusiviachanishe viwili hivyo. Baba uliyesogeza mpaka, usingoje kushtakiwa. Waite wazee na jirani zako, ling'oe sale, ulipande pale lilipokuwa, watoto wako wakitazama. Tena mlipe mwenyewe mavuno uliyoyala. Kama mpaka wenyewe haujulikani, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na sheria ya mwaka 1999 ili kupatanisha watu.

Jirani zetu Wachaga wa Kilimanjaro hulitumia sale kwa mambo mawili: huonyesha mpaka, na anayeomba msamaha hulipeleka jani lake kwa aliyemkosea. Nasi tujifunze hapo. Ukitaka kusamehewa, anza mpakani.

Usipofanya hivyo, watoto wako watarithi hatua ile moja ya udongo, na ugomvi wake pia.