Ziwa Moja, Mpango Mmoja wa Taka

Ndugu msikilizaji, ukifika mwalo wa Kibirizi wakati maboti yanapowasili kutoka Mwamgongo na Kagunga, utaona jambo la kufikirisha. Kreti za soda zenye chupa tupu za kioo zinashushwa kwa uangalifu, kila chupa mahali pake. Hatua chache kutoka hapo, chupa za plastiki zinaelea majini na hakuna anayezijali. Zote ni chupa tupu. Kwa nini moja itunzwe na nyingine itupwe?

Jibu ni kwamba chupa ya kioo ina mwenyewe anayeingoja, na aliyeipoteza atailipa. Chupa ya plastiki haina anayeingoja karibu. Viwanda vingi vinavyoweza kuinunua viko Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,250 kwa reli. Umbali huo ndio chanzo cha tatizo letu, na ndiyo sababu leo nasema kwamba kazi ya kukusanya na kurejesha taka viwandani haiwezi kufanywa na halmashauri moja moja.

Hebu tufanye hesabu. Chupa ya maji ya nusu lita ikiwa na uzito wa gramu 20, utahitaji chupa 50 kupata kilo moja, na chupa 50,000 kupata tani moja. Kijana anayeokota chupa Mwanga au Buzebazeba hawezi kujaza behewa. Kijiji cha Ilagala peke yake hakiwezi. Hata Manispaa ya Kigoma/Ujiji, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu zaidi ya 230,000, ikikusanya peke yake itangoja muda mrefu, huku mzigo ukilala nje, ukichafuka na kushuka bei. Chuma chakavu kinasafiri kwa sababu ni kizito na kina thamani. Plastiki ni nyepesi, hivyo faida yake iko katika wingi tu.

Mkoa wetu una halmashauri nane, na tatu kati yake zinapakana na ziwa: Manispaa ya Kigoma/Ujiji, Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, na Uvinza. Ninaposema mpango mmoja sina maana ya kuzifuta halmashauri hizo wala kuzipa bosi mpya. Nina maana ya mambo matatu. Kwanza, utaratibu mmoja wa kutenganisha taka, ili mtu wa Mwandiga na mtu wa Gungu wafuate maelekezo yale yale. Pili, ghala moja karibu na reli, lenye mizani na mashine ya kubana mzigo. Tatu, mkataba mmoja na mnunuzi, na bei yake ibandikwe ukutani kila mtu aisome.

Hilo la tatu ni muhimu kwa wale vijana na akina mama wanaookota chupa hivi sasa. Wao ndio wameianza kazi hii kabla ya mpango wowote. Mpango utakaowafukuza ili kumpa tenda mtu mmoja utakuwa umekata mkono unaofanya kazi. Wasajiliwe, wapewe glavu na buti, na walipwe kwa kilo mbele ya mizani.

Lakini plastiki si sehemu kubwa ya taka zetu. Katika miji ya Tanzania, zaidi ya nusu ya taka za majumbani na masokoni ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, mabaki ya vyakula vya mama lishe, mboga zilizonyauka. Hapa kwetu ongeza makapi ya chikichi. Hivi havihitaji behewa. Vikitenganishwa vinakuwa mboji kwa mashamba ya jirani. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi kukumbuka: taka mbichi ibaki karibu, taka kavu isafiri mbali. Lori la kwenda dampo litapunguza safari, na fedha ya mafuta itafanya kazi nyingine.

Wako watakaouliza: kwa nini kijiji cha mbali kijisumbue na mpango wa mjini? Ni kwa sababu ziwa halijui mipaka ya wilaya. Tanganyika lina urefu wa kilometa 673 na kina cha mita 1,470 hivi, na mto unaotoka humo ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yake hukaa mamia ya miaka kabla ya kubadilika. Tunachokitupa humo tunawaachia wajukuu. Tazama jirani zetu wa Bukavu: plastiki zilizotupwa Ziwa Kivu zimewahi kuziba mitambo ya umeme ya mto Ruzizi, na mto huo huo unamwaga maji yake katika ziwa letu. Na tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda na kuvamia fukwe, tuliona jinsi uchafu wa nchi kavu unavyozolewa kwa urahisi.

Sheria hazikosekani. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa wajibu juu ya taka. Kinachokosekana ni kuzitumia kwa pamoja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara Juni 1, 2019, nchi nzima kwa siku moja. Kama ingezuiwa Kigoma pekee, ingeingia kwa basi la Kasulu siku ya pili.

Mwaka 2003 nchi nne, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili. Ikiwa nchi nne ziliweza kukaa meza moja, halmashauri tatu za mkoa mmoja zitashindwaje?

Basi, ndugu msikilizaji, katika mkutano ujao wa mtaa au kijiji chako, simama umuulize mwenyekiti swali moja: taka zetu tukizitenganisha, nani atazipokea? Swali hilo likiulizwa Katonga, Ujiji, Mwamgongo na Ilagala katika mwezi mmoja, wakurugenzi watatu watalazimika kutafuta jibu moja.