Muajiri Anapopunguza Malipo ya Saa za Ziada Yaliyokubaliwa

 

Mafuqahaa wanapotaka kufafanua jambo humtaja Zaydi na Amri. Nasi tuwachukue hao hao. Zaydi ni mpakiaji wa mizigo katika ghala la Amri, Dar es Salaam. Mshahara wake ukigawiwa kwa saa ni Sh. 3,000, na walikubaliana kuwa kila saa ya ziada, yaani ovataimu, italipwa Sh. 6,000. Tarehe 25 ya mwezi, Zaydi akiwa ameshafanya saa 24 za ziada, Amri anabandika tangazo ukutani: kuanzia mwezi huu saa ya ziada ni Sh. 4,500. Zaydi alikuwa akitarajia Sh. 144,000, anakabidhiwa Sh. 108,000. Akiuliza, anajibiwa kuwa sheria ya nchi inataka mara moja na nusu ya mshahara, na Sh. 4,500 ni mara moja na nusu ya 3,000. Je, Amri ana haki?

Jibu lina sehemu mbili, na wengi wanaofutu haraka huzichanganya: saa zilizokwishafanywa, na saa zijazo.

Ama saa zilizokwishafanywa, hapana khilafu ya kutajwa. Kazi ni mkataba wa ijara, na ijara kwa madhehebu yote manne ni mkataba unaofunga pande mbili. Hauvunjwi wala haubadilishwi na mmoja peke yake kwa kuwa tu ameona ghali. (Mahanafi wameruhusu kuuvunja kwa udhuru, lakini udhuru huo ni wa mbele, haurudi nyuma kula kilichokwishachumwa.) Manufaa yakishatolewa, ujira umethibiti kuwa deni katika dhima ya muajiri. Kwa hiyo zile Sh. 36,000 ni deni, sawa na kama Zaydi angalimkopesha Amri fedha taslimu. Amri hawezi kulipunguza deni lake kwa tangazo la ukutani. Anayeweza kulipunguza ni Zaydi, naye kwa kusamehe kwa ridhaa yake.

Hapa inaingia amri ya kutimiza mikataba iliyomo mwanzo wa Suratul Maida, na Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari, kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Aliyelipa nusu na akazuia nusu asidhani kuwa hayumo.

Na hoja ya sheria ya nchi? Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Lakini neno lenyewe ni "yasipungue". Sheria imeweka sakafu, haikuweka dari. Waliokubaliana juu ya mara mbili wamekubaliana juu ya sharti halali, na Waislamu hufungwa na masharti yao ila sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali, kama ilivyopokewa na Tirmidhi. Tena sheria hiyo hiyo inamtaka muajiri anapobadilisha maelezo ya ajira ashauriane na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Hoja ya Amri basi haisimami hata kwa sheria anayoitaja.

Saa zijazo ndizo zenye uzito kifiqhi. Ikiwa mkataba una muda maalumu, bei ya ziada iliyomo inadumu mpaka muda uishe, ila wakubaliane vingine. Ikiwa ni wa mwezi kwa mwezi, kila mwezi ukiingia ni kama mkataba mpya, na muajiri anaweza kutaja bei nyingine kabla haujaanza. (Hii ni kauli ya Mahanafi. Kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafi, ijara ya "kila mwezi kwa kiasi kadhaa" bila kutaja idadi ya miezi haisihi, na aliyefanya kazi hurudishwa kwenye ujira wa mfano.) Mfanyakazi naye ana hiari ya kukubali au kukataa.

Sasa, Zaydi akikaa kimya akaendelea na kazi? Majalla, ile sheria ya Kiuthmaniya iliyoandikwa kwa fiqhi ya Kihanafi kati ya mwaka 1869 na 1876, imelitaja jambo hili katika kifungu cha 438. Mfano wake ni duka la kupanga kwa hamsini kwa mwezi: mwenye duka, mwanzo wa mwezi, anasema ukiridhia sitini kaa, la sivyo toka. Mpangaji akisema siridhii, kisha akaendelea kukaa, halipi ila hamsini. Akinyamaza akakaa, sitini imemlazimu, kwani kunyamaza katika ijara huhesabiwa kukubali.

Tukimpimia Zaydi kwa mizani hiyo, anayenyamaza mwezi mzima chini ya tangazo jipya anaipoteza hoja yake kwa mwezi huo. Anayesema "siridhii", na bora aandike na abaki na nakala, ameihifadhi. Ni kweli kwamba wengi hunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, na kwa maoni ya mwandishi kadhi hapaswi kuufanya ukimya wa hofu kuwa sawa na ukimya wa ridhaa. Lakini hofu ni ya kuthibitishwa, na karatasi yenye tarehe inathibitisha zaidi kuliko machozi.

Kuna jambo jingine katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) kule Madyan ambalo hatulizingatii sana. Katika Suratul Qasas, aya ya 27 na ya 28, yule mzee alimtajia miaka minane, na akaiacha miwili ya kukamilisha kumi iwe kwa hiari ya Musa, huku akisema hataki kumtaabisha. Musa naye akashurutisha kuwa muda wowote kati ya hiyo miwili atakaoutimiza, asidaiwe zaidi. Ziada ilitengwa na faradhi tangu siku ya kwanza, ikawekwa mkononi mwa mfanyakazi.

Ikiwa kiasi hakikutajwa kabisa, mfanyakazi anastahiki ujira wa mfano, yaani wanacholipwa wenzake kwa kazi kama hiyo mahali hapo. Na ikiwa kilichotolewa kilikuwa bakhshishi isiyoahidiwa, muajiri anaweza kuisimamisha.

Swali gumu tunaloulizwa kwa sauti ya chini ni hili: je, Zaydi anaweza kujilipa mwenyewe kutoka ghalani? Hii ndiyo mas'ala ya dhafar. Mashafi wameruhusu kwa anayenyimwa haki yake, na Hadithi ya Hind bint Utba, aliyeruhusiwa kuchukua katika mali ya Abu Sufyan kinachomtosha kwa wema, ni miongoni mwa dalili. Kauli mashuhuri ya Mahanbali inakataza, kwa Hadithi ya kurudisha amana na kutomfanyia khiyana aliyekufanyia khiyana. Ibn Taymiyya alipambanua: haki ambayo sababu yake ni dhahiri kwa watu, kama masurufu ya mke, inachukulika; ambayo sababu yake imefichika, haichukuliki, kwani mchukuaji ataonekana mwizi. Madai ya saa 24 za ziada ni ya namna hii ya pili. Hata anayefuata madhehebu ya Shafi asijiingize humo huku mlango wa kudai uko wazi: kwanza Amri mwenyewe, kisha wasuluhishi, kisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kanuni zake za mwaka 2007 ziliweka siku 60 kwa madai yasiyohusu kuachishwa kazi. Kujaza saa za uongo katika daftari ili kufidia ni haramu bila ya khilafu hii kuigusa, kwa kuwa huo ni uongo.

Imamu anayeombwa kusuluhisha na aanze kwa kuuliza iwapo Amri hawezi kulipa au hataki. Mwenye dhiki ya kweli hupewa muda, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 280, na deni linabaki Sh. 36,000 zile zile. Mwenye uwezo anayechelewesha, Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wake dhulma, katika Hadithi ya Bukhari na Muslim. Kumwambia Zaydi "subiri tu ndugu yangu" bila kumwendea Amri si suluhu. Wallaahu a'lam.