Je, Wajua? Mbio za Kupokezana Usiku Kucha

Tukisikia mbio za kupokezana vijiti, wengi tunaona uwanja, wanariadha wanne na dakika chache za shangwe. Zipo nyingine ndefu zaidi: marafiki hukimbia kwa zamu barabarani mchana kutwa na usiku kucha, na kila anayekimbia anajua kuna mwenzake anayemsubiri gizani huko mbele.

Je, wajua kwamba Hood to Coast, mbio mashuhuri za aina hii nchini Marekani, zilianza na timu 8 tu? Bob Foote aliziasisi katika jimbo la Oregon mwaka 1982. Mwaka uliofuata zilijitokeza timu 64. Siku hizi timu zinazoshiriki hupindukia 1,000.

Je, wajua kwamba safari yake ni takriban kilomita 320? Huo ni karibu mwendo wa kutoka Nairobi hadi Nakuru na kurudi. Huanzia Timberline, kwenye Mlima Hood, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuishia kwenye mchanga wa ufukwe wa Seaside, kando ya Bahari ya Pasifiki.

Je, wajua kwamba kilomita zote hizo hugawanywa katika vipande 36? Timu kamili ina watu 12, na kila mmoja hukimbia mara tatu. Ukijumlisha, kila mtu hutimiza wastani wa kilomita 27. Ugumu ni kwamba hazikimbiwi kwa mkupuo: unakimbia, unakaa garini saa kadhaa hadi misuli inakaza, kisha unaitwa tena.

Je, wajua kwamba timu husafiri kwa magari mawili, watu sita kila gari? Sita wa kwanza wakiwa zamuni, sita wengine hula, hunyoosha miguu na kutafuta usingizi. Wengi hulala uwanjani ndani ya mifuko ya kulalia, wakiamshwa na mwenzao mwenye saa.

Je, wajua kwamba timu haziondoki kwa wakati mmoja? Zenye mwendo wa polepole hutangulizwa, zenye kasi hufuata saa nyingi baadaye, ili zote zikaribie pwani kwa nyakati zinazokaribiana. Ndiyo maana aliyeanza alfajiri anaweza kupitwa usiku na aliyeanza mchana.

Je, wajua kwamba mteremko unaweza kuumiza kuliko mlima? Kipande cha kwanza cha Hood to Coast hushuka takriban mita 600. Unaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kufunga breki huku ikinyooshwa, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu yake hukomaa siku moja hadi tatu baadaye.

Je, wajua kwamba mwili nao una saa yake? Kwa mtu aliyezoea kulala usiku, joto la mwili hufikia kiwango chake cha chini kabisa karibu na saa 10 alfajiri, na umakini hushuka nalo. Anayepewa kipande cha wakati huo hapigani na umbali peke yake, anapigana na usingizi pia. Dereva wa gari la timu yumo katika hatari hiyohiyo, kwa hiyo naye anahitaji wa kumpokea.

Je, wajua kwamba hapa hakuna kijiti? Uwanjani kijiti huwa na urefu wa sentimita 28 hadi 30. Hood to Coast hutumia bangili bapa: unaipiga kwenye mkono wa mwenzako, inajizungusha yenyewe, naye anaondoka.

Je, wajua kwamba mwaka 1995 timu ya Nike iliyoitwa Mambu Baddu ilimaliza Hood to Coast kwa saa 15, dakika 44 na sekunde 55? Katika sikio la Mswahili jina hilo linakaribia sana “mambo bado”.

Je, wajua kwamba Wajapani walitangulia? Aprili 1917, gazeti la Yomiuri liliandaa mbio za kupokezana kutoka Kyoto hadi Tokyo, kilomita zipatazo 508, vipande 23, usiku na mchana kwa siku tatu. Ziliitwa ekiden, neno linalobeba maana ya kituo na ya kupasha habari, likikumbusha vituo ambako wajumbe wa kale walibadilisha farasi.

Je, wajua kwamba mkimbiaji wa ekiden huvaa utepe uitwao tasuki, begani hadi kiunoni? Katika Hakone Ekiden, mbio za vyuo vikuu zilizoanza mwaka 1920, timu ikichelewa kupita muda uliowekwa, dakika 10 hadi 20 kulingana na kituo, anayesubiri huamriwa kuanza kukimbia bila utepe wa chuo chake. Anayefika nyuma hukuta hakuna wa kumpa. Wengi huanguka hapo na kulia kwa kuona wamewaangusha wenzao.

Je, wajua kwamba Wakenya wameacha alama huko? Joseph Otwori na Kennedy Isena walikimbia Hakone mwaka 1989 wakiwa Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin. Samuel Wanjiru alikwenda kusoma Sendai, Japani, mwaka 2002, akakimbia ekiden za shule, na mwaka 2008 akatwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki jijini Beijing.

Je, wajua unaweza kuanza na marafiki watano tu? Chagueni njia mnayoijua, gaweni vipande vifupi, na mfanye jaribio la kwanza jioni. Kila mtu avae kizibao chenye riflekta na taa ya kichwani. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, mkimbiaji akae kulia, ayaone yanayomjia. Gari lisimame kila kituo, na asiachwe mtu peke yake gizani. Kidole kimoja hakivunji chawa: anayekimbia vizuri ni yule anayejua nani anamsubiri. Waiteni wenzenu, mpangeni zamu.