Mashini ya soja, mashini ya teneur: nani anaipima mashini?

Wandugu, kila mutu aliyefikisha mufuko wa mawe ku depo anajua ile dakika. Mununuzi anasogeza mashini juu ya mawe, anangoja kidogo, namba inatoka. Siku moja sisi wenyewe tulipeleka mawe ya shimo moja ku depo mbili zenye kuangaliana. Moja ilisema 2 kwa mia, ingine 3 na nusu. Mawe ni yale yale. Franga ndizo hazikufanana.

Leo tunazungumuza juu ya mashini ingine, ile ya kupima soja kule Marekani. Mutasema: soja inatuhusu nini? Unga wake tunapikia watoto uji, lakini si juu ya ile. Ni juu wakulima na wanunuzi wa kule walikutana na shida kama yetu, na kuna kitu walifanya.

Zamani, kujua proteini ya soja ilikuwa kazi ya laboratuare tu. Njia yenyewe ilitoka Danemark mwaka wa 1883, kwa Johan Kjeldahl: mbegu zinasagwa, zinachemshwa ndani ya asidi sulfuriki, ile ile tunayoijua ku mafabrika ya shaba. Kisha wanapima azoti, wanaizidisha mara 6,25. Ni kipimo cha kuaminika, lakini kinakula saa, na kamyo ya mukulima haiwezi kungoja.

Miaka ya 1960, injenyere Karl Norris, wa wizara ya kilimo ya Marekani pale Beltsville, alitumia mwangaza wa infraruji, ule unaofuata wekundu na macho yetu hayauoni. Maji, mafuta na proteini, kila kimoja kinameza sehemu yake ya mwangaza ule. Mashini inaangalia kilichobaki, inafanya hesabu, inatoa namba upesi.

Lakini tusikilize vizuri: mashini ile haipimi proteini yenyewe. Inalinganisha. Kwanza inafundishwa kwa eshantiyo nyingi zilizokwisha kupimwa ku laboratuare, ndiyo etalonaji. Kama ilifundishwa paka soja ya jimbo moja na mwaka moja, ukiiletea mbegu ya namna ingine, ao yenye baridi sana, itakosea, na itatoa namba bila haya. Dawa yake ni kuongeza eshantiyo za mahali pengi na miaka mingi, kulinganisha mashini zote na moja ya kiongozi, na kupitisha mara kwa mara mbegu zenye namba inayojulikana, ili kuona kama mashini imepotoka.

Halafu kuna maji. Soja kavu kabisa yenye proteini 40 kwa mia, ikiwa na maji 13 kwa mia itasomeka 34,8. Mbegu moja, namba mbili, na zote ni za kweli. Ndiyo maana tangu 1989, wakati ukaguzi wa nafaka wa serikali ulianza kupima mafuta na proteini ya soja kwa yule anayeomba, namba zinaandikwa kwa maji ya 13 kwa mia. Muuzaji na mununuzi wanasoma lugha moja. Asiyekubali namba ana haki ya kuomba wapime tena, hata kwa ngazi ya juu, na sehemu ya eshantiyo inachungwa.

Mashini za depo zetu zinatumia miali ya X, si infraruji. Lakini nazo zinalinganisha, nazo zinategemea mukono wa yule anayezitengeneza. Tena zinaona ngozi ya jiwe tu, haziingii ndani, na maji yanazidanganya.

Kwa hiyo sisi wa sendika hatuombi mashini mupya. Tunaomba vitu vitatu. Jiwe lenye teneur inayojulikana lipitishwe kila asubui mbele ya wachimbaji. Mawe yasagwe na kuchanganywa mbele ya kupimwa, na maji yaandikwe. Eshantiyo igawanywe mara mbili, nusu ibaki kwa muchimbaji, na kukiwa ugomvi, laboratuare isiyo ya mununuzi iamue.

Kesho mukifika ku depo, mbele ya kuuliza bei, muulize kwanza: hii mashini, nani aliipima, na siku gani?