Walinda Amani: Kofia Moja, Makamanda Wengi

"Kamanda wa Umoja wa Mataifa akitoa amri, vikosi vyote hutii."
Si kweli. Serikali inayotoa askari humkabidhi kamanda huyo mamlaka ya kuwatumia katika operesheni tu. Vyeo, nidhamu na adhabu hubaki mikononi mwa serikali hiyo. Ndiyo maana mara nyingi afisa akipewa agizo la hatari hupiga simu nyumbani kwanza, na asipokatazwa huko ndipo hutoka.

"Tatizo ni uchache wa askari."
Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, inakanusha hilo. Mapigano yalipozuka Julai 2016 kati ya majeshi ya Rais Salva Kiir na ya makamu wake, Riek Machar, kambi ya Umoja wa Mataifa ilikuwa na askari wa miguu zaidi ya 1,800 kutoka China, Ethiopia, Nepal na India. Hoteli ya Terrain, iliyokuwa umbali wa kilomita moja hivi, ilivamiwa. Mwandishi wa habari akauawa, wanawake wakabakwa. Maombi ya msaada yalifika. Kila kikosi kikakataa kutoka. Uchunguzi uliofuata ulieleza kuwa hapakuwa na uongozi mmoja, na baadhi ya amri zilizotolewa zilipingana.

"Basi kamanda afukuzwe, mambo yatanyooka."
Alifukuzwa: Luteni Jenerali Johnson Ondieki, Mkenya aliyekuwa kazini wiki chache tu mapigano yalipozuka. Kenya ilikasirika, ikatangaza kuwaondoa askari wake wapatao 1,000. Misheni ikapungukiwa nguvu, na kasoro yenyewe ikabaki. Kumtoa mtu mmoja ni rahisi kuliko kuzibana serikali nne.

"Lugha ndiyo kikwazo kikubwa."
Inachangia. Lakini waliokataa kwenda Terrain walielewa vizuri walichoombwa.

"Walinda amani hawaruhusiwi kushambulia."
Si kweli kila mahali. Machi 2013, azimio 2098 la Baraza la Usalama liliunda brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ikiruhusiwa kuyashambulia makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo. Kufikia Novemba, brigedi hiyo, ikishirikiana na jeshi la Kongo, ilikuwa imelishinda kundi la waasi la M23. Kwa maoni yangu, silaha peke yake hazielezi ushindi ule: serikali tatu zilikubali kupigana kabla askari hawajapanda ndege.

Kwa hiyo ukisikia nchi imetuma batalioni, usiishie kwenye idadi. Uliza serikali yake imeikataza kufanya nini.